Ufa Katika Kioo cha Gari: Mambo Yawapasayo Madereva wa Busia na Malaba

Barabara kubwa mbili huingia Uganda kutoka magharibi mwa Kenya. Moja hutoka Kisumu, ikapita Ugunja na Bumala mpaka Busia. Ya pili hutoka Eldoret, ikapita Webuye na Bungoma mpaka Malaba, zaidi ya kilomita 900 kutoka Mombasa. Malori hufuatana humo mchana na usiku, na mara nyingi jiwe dogo hurushwa na magurudumu ya gari lililo mbele, likaacha alama kama nyota katika kioo cha mbele cha gari lifuatalo nyuma. Madereva wengi huitazama alama hiyo, wakaipuuza, wakaendelea na safari. Si vyema kufanya hivyo, na sababu zake ni hizi.

Kwanza yafaa kujua kioo hicho ni kitu gani. Kioo cha mbele si kipande kimoja, bali ni vioo viwili vyembamba vilivyoshikamanishwa, na katikati yao pana utando wa plastiki usioonekana. Mkemia wa Kifaransa, Édouard Bénédictus, ndiye aliyepata hataza ya kioo cha namna hii mwaka 1909. Kazi ya utando huo ni kuvishika vipande kioo kivunjikapo, visimrukie dereva usoni, na kuwazuia waliomo ndani wasitupwe nje magari yagonganapo. Vioo vya milangoni ni vya namna nyingine: huokwa motoni, kisha hupozwa ghafula, navyo vikivunjika humwagika chembe chembe. Basi kioo cha mbele chaweza kupasuka na bado kikasimama mahali pake. Hapo ndipo wengi hudanganyika, wakidhani kwamba kwa kuwa hakikuanguka, kingali kizima.

Jambo la pili ni kwamba ufa hukua, na mpakani hukua upesi. Kioo kikipata joto hutanuka, na kikipoa hujikunja. Lori likisimama katika foleni ya Malaba tangu asubuhi, kioo chake huwa cha moto sana, hasa katikati. Foleni hizo zaweza kuwa ndefu mno. Mwezi wa Januari 2022, madereva walipogoma kwa sababu ya kupimwa ugonjwa wa Korona, malori yalijipanga kilomita nyingi upande wa Kenya. Kisha alasiri mvua ya nchi za karibu na Ziwa Victoria hunyesha kwa ghafula, na maji baridi huanguka juu ya kioo chenye moto. Kioo kizima huweza kustahimili, lakini kile chenye alama ya jiwe hupasuka kuanzia pale palipo dhaifu, na ufa ukaenda mpaka ukingoni. Dereva anayemwaga ndoo ya maji ya kisima juu ya kioo chenye moto ili kuondoa vumbi na wadudu huleta hasara ile ile kwa mikono yake.

Basi dereva afanye nini? Mara apatapo nafasi ya kusimama mahali pa salama, apanguse alama kwa kitambaa kikavu, kisha aifunike kwa selotepu iliyo safi, ili maji na vumbi visiingie. Asipake dawa ya meno, wala sabuni, wala gundi ya kuunganishia viatu. Vitu hivyo haviuzuii ufa, na humharibia fundi kazi yake. Halafu aende kwa fundi wa vioo mapema. Fundi hunyonya hewa iliyomo katika alama, akaingiza gundi maalumu iliyo angavu, kisha huikausha kwa mwanga wa taa yake. Alama haitatoweka kabisa, lakini ufa hautaendelea.

Matengenezo hayo yafaa kwa alama ndogo tu, isiyozidi upana wa sarafu. Ikiwa ufa ni mrefu kuliko kiganja, au umefika ukingoni, au uko mbele ya macho ya dereva, kioo na kibadilishwe. Kioo kipya kikigandishwa kwa gundi, gari lisiondoke kabla ya saa alizozitaja fundi, kwa maana gundi isiyokauka haikishiki kioo siku ya ajali.

Hatari kubwa zaidi ni ya usiku. Taa za lori linalokuja zikipiga katika ufa, mwanga hutawanyika, na dereva huona weupe mtupu mbele yake. Katika weupe huo yaweza kufichika bodaboda isiyo na taa, au mama atokaye sokoni Busia na mzigo wake kichwani. Mtu huyo hana habari ya ufa ulioko katika kioo cha mwingine, lakini ndiye atakayeulipia.

Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, katika kifungu cha 55, huamuru kwamba gari lililoko barabarani liwe katika hali isiyoweza kumhatarisha mtu. Tena mwenye gari asome hati yake ya bima. Bima ya mtu wa tatu haimlipii kioo chake, wala Kadi ya Manjano ya COMESA, achukuayo avukapo mpaka, haimlipii. Kadi hiyo ni kwa ajili ya madhara yawapatayo watu wengine, na matibabu ya waliomo garini.

Mwisho, kila dereva ajitenge na lori lililobeba kokoto au mchanga, kwani jiwe huruka kwa nguvu zaidi magari yakikaribiana. Wazee husema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa habari ya kioo, kuziba ni kazi ya muda mfupi kwa fundi. Anayekawia hununua kioo kizima, naye huwa na bahati njema ikiwa hasara yake itakoma hapo.