Kiolezo Kina Kwao

Fungua terminali, andika amri ya startproject, na kabla hujameza mate una programu ya wavuti. Django, fremuweki ya lugha ya Python ninayoitumia hapa kama mfano, itakuwa imekuundia, kutoka kwenye kiolezo chake, folda yenye faili iitwayo manage.py, faili ya mipangilio iitwayo settings.py, na nyingine chache ndogo ndogo. Washa seva ya majaribio, na kivinjari kitakuonyesha roketi ikipaa. Hujaandika mstari hata mmoja wa msimbo, lakini tayari unao mfumo wa kuingia kwa nywila, ukurasa wa msimamizi na hifadhidata inayosubiri majedwali.

Kasi hiyo ina lake jambo. Katika sekunde hizo chache umeridhia maamuzi mengi ya watu usiowajua, waliokuwa na mahitaji yao na wateja wao. Mengi ni maamuzi mazuri, pengine kuliko ambayo ungefanya mwenyewe. Machache hayakufai kabisa, na hayo hayatoi sauti hadi programu iwe na watu ndani.

Django ilizaliwa kwenye chumba cha habari. Adrian Holovaty na Simon Willison walianza kuijenga mwaka 2003 wakilifanyia kazi gazeti la Lawrence Journal-World, katika mji wa Lawrence, jimbo la Kansas nchini Marekani. Ilitolewa kwa umma Julai 2005. Ndiyo maana ukurasa wa msimamizi huja umekamilika: wahariri walitaka mahali pa kuingizia habari bila kumsubiri fundi. Asili hiyo bado inaonekana hadi leo. Ndani ya settings.py kuna mstari wa TIME_ZONE uliowekwa UTC, yaani saa ya kimataifa ya marejeleo. Ukiufuta kwa kudhani hauna kazi, programu haibaki UTC. Inarudi kwenye chaguo la zamani la Django, yaani saa za Chicago, ambazo ndizo pia saa za Lawrence. Kati ya Chicago na Dar es Salaam kuna tofauti ya saa nane au tisa, kutegemea msimu.

Hata UTC yenyewe ina mtego. Tuseme unakijengea programu kikundi cha VICOBA chenye wanachama thelathini, kinachotaka kuhamisha hisa, mikopo na faini kutoka kwenye daftari, na kinachofunga hesabu zake 30 Juni. Mwanachama anarejesha mkopo kwa simu saa saba usiku, tarehe 1 Julai. Programu iliyoachwa kwenye UTC itaonyesha saa nne usiku, 30 Juni. Malipo yameangukia mwaka wa hesabu uliokwisha, na aliyechelewa ameponea faini. Mwekahazina ana ujumbe wa simu unaosema Julai, kompyuta inasema Juni, na kikao kizima kinaishia kwenye ubishi. Dawa ni kuandika Africa/Dar_es_Salaam au Africa/Nairobi kwenye mstari ule ule. Walioko Lubumbashi, Kigali na Bujumbura wana majina yao katika orodha ya kanda za saa, maana wako nyuma yetu kwa saa moja. Mstari wa USE_TZ, ulio jirani, uache kama ulivyo: hifadhidata iendelee kutunza UTC, na tafsiri ya saa ifanyike wakati wa kuonyesha.

Ukiwa hapo hapo, badilisha pia lugha kutoka en-us kuwa sw. Kiswahili kimo katika orodha ya lugha za Django, kimeingizwa na watafsiri wa kujitolea. Usishangae tu ukikuta Kiingereza kikichungulia hapa na pale.

Sasa tuje kwenye uamuzi ninaouona mzito kuliko yote, nao haumo hata kwenye mstari unaoonekana: jedwali la watumiaji. Mtumiaji wa kawaida wa Django ana jina la kuingilia, jina la kwanza, jina la mwisho, barua pepe na nywila. Namba ya simu haimo. Jina la kati halimo. Fomu nyingi za Tanzania huuliza majina matatu, na mama aliyejiunga na VICOBA yuko radhi kuingia kwa namba yake ya simu. Jina la kuingilia ni kitu kingine cha kusahau, na barua pepe huenda alifunguliwa na mjukuu, kisha nywila ikapotelea huko huko.

Mtu atasema, basi ongeza baadaye. Hapo ndipo penye tatizo. Jedwali la mikopo, la hisa na la faini yote yatamtaja mtumiaji, na kila moja limeshikamana na jedwali lake. Kulibadilisha wakati yote yana rekodi za kweli ni kazi ya mikono, ya polepole, na ya kuogopesha. Nyaraka za Django zenyewe kwa miaka mingi zilishauri kwamba uunde mtumiaji wako tangu mwanzo wa mradi, hata kama kwa leo yule wa kawaida anakutosha. Lakini ukiwasha seva mara ya kwanza, unakaribishwa na maandishi mekundu yanayosema kuna mabadiliko 18 ya hifadhidata ambayo hayajatekelezwa, pamoja na amri ya kuyatekeleza. Anayeanza huitii mara moja, naye hana kosa. Usiitii bado. Tengeneza kwanza mtumiaji wako, mtaje kwenye mipangilio kwa mstari wa AUTH_USER_MODEL, halafu ndipo utekeleze.

Namba ya simu iandike kama maandishi, si kama tarakimu za hesabu, la sivyo sifuri ya mwanzo itamezwa. Pia chagua umbo moja tu, lile linaloanza na +255 au +254, na uzigeuze namba zote kuwa hivyo kabla ya kuzihifadhi. Bila hilo, mtu aliyejisajili kwa sifuri mwezi huu na kwa +255 mwezi ujao atakuwa wanachama wawili, mmoja mwenye hisa na mwingine mwenye deni. Na usiombe taarifa usizozihitaji. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Udogo wa kikundi hauondoi wajibu wa kulinda taarifa za wanachama.

Kuna mstari mwingine, SECRET_KEY, wenye herufi na alama zisizo na mpangilio. Huo ndio muhuri ambao programu hutumia kutia sahihi vitu inavyompa mtumiaji na kuvitambua vikirudi, kama vile kiungo cha kubadilisha nywila. Startproject huandika mpya kwa kila mradi, lakini huuanzisha kwa maneno django-insecure, yaani hauko salama, kukukumbusha kwamba haufai kubaki ndani ya faili. Utoe, uweke kwenye seva nje ya msimbo. Oktoba 2022 Toyota ilitangaza kwamba ufunguo wa seva ya huduma yake ya T-Connect ulikuwa umeachwa ndani ya msimbo uliowekwa hadharani kwenye tovuti ya GitHub karibu miaka mitano, na barua pepe za wateja 296,019 zikawa hatarini. Aliyeuacha alikuwa mkandarasi. Kufuta mstari baada ya kuupakia hakusaidii pia, kwa sababu Git hutunza historia yote. Ufunguo uliokwisha kuonekana hubadilishwa.

Kuhusu hifadhidata sina ugomvi. Kiolezo kinakuja na SQLite, faili moja tu, na wengi hukimbilia PostgreSQL kwa sababu wamesikia kwamba wakubwa hutumia hiyo. Wanachama thelathini wanaolipa mara moja kwa wiki hawataishinda SQLite. Hakikisha tu kwamba kampuni inayokutunzia programu haifuti diski kila unapopakia toleo jipya, maana zipo zinazofanya hivyo, na utunze nakala ya faili hiyo mahali pengine.

Ndani ya settings.py, DEBUG huja ikiwa True, na kwenye kompyuta yako ni sawa: kitu kikiharibika unapata ukurasa mrefu unaoonyesha msimbo, thamani zilizokuwa kwenye kumbukumbu na sehemu kubwa ya mipangilio. Mbele ya umma, ukurasa huo ni zawadi kwa mwizi. Basi fundi anaigeuza kuwa False, anajaza ALLOWED_HOSTS ili seva ikubali kuwaka, anafungua kivinjari, na kumbe rangi zote zimetoweka. Ukurasa umebaki maandishi meusi juu ya weupe kama barua ya ofisini. Anashtuka, anarudisha True, rangi zinarudi, anakwenda kulala. Programu haikuharibika. Seva ya majaribio huacha kugawa picha na faili za mitindo DEBUG ikizimwa, na kazi hiyo inatakiwa ipewe programu kama WhiteNoise au Nginx. Kabla ya kufungulia watu mlango, endesha amri ya check pamoja na --deploy. Itakuorodheshea mengi kati ya mambo ya usalama yaliyobaki.

Hayo yote ni ya kiolezo cha Django chenyewe. Violezo vya watu binafsi vilivyojaa GitHub, vyenye malipo, chati na kila kitu, vinahitaji jicho kali zaidi. Hata vya wakubwa huzeeka: create-react-app, iliyotolewa na Facebook mwaka 2016 na kufundishiwa vijana wengi, ilitangazwa kustaafishwa Februari 2025. Angalia kiolezo kimejengwa juu ya toleo gani. Django 5.2 ya Aprili 2025 itahudumiwa hadi Aprili 2028, ilhali 2.2 iliacha kupata viraka vya usalama Aprili 2022, hata kama kiolezo chake kina nyota kibao. Kisha, kabla hujawasha chochote, tafuta SECRET_KEY ndani yake. Ukiikuta imeandikwa wazi, basi kila aliyenakili kiolezo hicho bila kuibadilisha ana muhuri ule ule ulio nao wewe.