Mto Athi: Kona ya Kilimambogo na Uwanda wa Yatta (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu iliyotangulia ya makala haya yalielezwa machimbuko ya Mto Athi katika milima ya Ngong na miteremko iliyo karibu na Nairobi. Sehemu hii inaufuata mto huo ndani ya Kaunti ya Machakos na mipakani mwake, kwa kuwa ni hapo unapopata umbo lake la kudumu, na ni hapo pia inapobainika kuwa njia ya mto huamuliwa na miamba, ilhali hali ya maji yake huamuliwa na watu wanaoishi na kulima katika eneo linaloulisha.

Kutoka mji wa Athi River, ambao ni sehemu ya Mavoko na hujulikana kwa viwanda vyake vya saruji, mto huandamana na tambarare za Athi na Kapiti. Udongo wa tambarare hizo ni mweusi na mzito, hunata wakati wa mvua na kupasuka nyufa pana wakati wa kiangazi, na kwa sababu hiyo miti ni michache na nyasi ni nyingi. Nyasi hizo huwalisha nyumbu, pundamilia, kongoni na swala, ambao zamani walihama bila kizuizi kati ya mbuga hizi na eneo lililotengwa mwaka 1946 kuwa Hifadhi ya Taifa ya Nairobi. Siku hizi nyua, barabara na makazi yameziba sehemu kubwa ya njia hizo, na wanyama waliosalia upande wa Machakos hutegemea zaidi ranchi kama vile Kapiti, yenye takriban hekta 13,000, ambako mifugo ya utafiti na wanyamapori hula malisho mamoja.

Anayeitazama ramani huona jambo la ajabu: mto huu, ambao mwisho wake ni Bahari ya Hindi, huanza kwa kuelekea kaskazini-mashariki, kana kwamba unakwenda kuungana na Mto Tana. Hupokea maji ya Mto Nairobi na ya Ndarugu, hukaribia Thika, ambako mito ya Chania na Thika tayari inaelekea Tana, kisha unapofika chini ya mlima Ol Donyo Sabuk, au Kilimambogo, huzunguka na kushika njia ya kusini-mashariki. Karibu na kona hiyo yapo maporomoko ya Fourteen Falls, yaliyoitwa hivyo kwa sababu maji hugawanyika katika mikondo 14 ukingoni mwa mwamba. Mikondo hiyo huhesabika vizuri wakati wa kiangazi, lakini mvua zikizidi huungana ikawa pazia moja la maji ya rangi ya udongo. Mlima wenyewe, wenye kimo cha takriban mita 2,145, ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1967. Nyati wangali wakiishi katika msitu wake, na kwenye mteremko wake lipo kaburi la William Northrup McMillan, mlowezi mzaliwa wa Marekani aliyefariki mwaka 1925.

Baada ya kona hiyo mto hufuata ubavu wa magharibi wa Uwanda wa Yatta, mwinuko mwembamba wenye mgongo bapa, unaoenea kwa takriban kilomita 290 hadi ndani ya Tsavo. Mamilioni ya miaka iliyopita, lava, yaani mwamba ulioyeyuka kutoka chini ya ardhi, ilitiririka ndani ya bonde la mto wa kale, ikapoa na kuwa fonolaiti, jiwe gumu la chembe ndogo linalotoa mlio likigongwa. Miamba laini iliyokuwa kingo za bonde hilo ilimomonyoka kidogokidogo hadi ikawa chini kuliko lava yenyewe, na hivyo mahali palipokuwa bonde pakawa mwinuko. Mto Athi, usioweza kuukata ukuta huo kwa urahisi, umelazimika kuandamana nao kwa masafa marefu.

Umbo hilo lina athari kwa maisha ya watu, kwani wanaoishi juu ya uwanda huuona mto bondeni lakini hawawezi kuyapandisha maji yake bila mitambo. Ndiyo maana katika miaka ya 1950 ulichimbwa Mfereji wa Yatta, kwa jasho la watu waliozuiliwa wakati wa vita vya Mau Mau, ili kuleta maji ya Mto Thika, ambao kwa asili ni wa bonde la Tana.

Suala zito zaidi ni udongo. Katika miaka ya 1930 vilima vya Machakos vilikuwa vimechakaa kwa mmomonyoko, na serikali ya kikoloni ikaona dawa ni kuwapunguzia Wakamba ng'ombe kwa nguvu. Mwaka 1938 maelfu yao walitembea hadi Nairobi kupinga, na kiongozi wao, Muindi Mbingu, akahamishiwa Lamu. Kilichokuja kuiokoa ardhi ni matuta, hasa yale yaitwayo fanya juu: mkulima huchimba mtaro unaokata mteremko kwa usawa mmoja, hutupa udongo upande wa juu ukawa tuta, kisha hupanda mabingobingo juu yake ili mizizi ilishike. Kila mvua huleta udongo unaokwama nyuma ya tuta, na baada ya miaka kadhaa shamba lililoinama huwa ngazi zilizo karibu kuwa tambarare. Mwaka 1994 watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walionyesha kwamba idadi ya watu wa Machakos iliongezeka zaidi ya mara 5 katika miongo 6, huku mmomonyoko ukipungua.

Hata hivyo, mafanikio hayo hayatoshi. Taka za Nairobi huingia Athi kabla mto haujafika Kilimambogo, na wakulima wa kingo za chini humwagilia mboga kwa maji hayohayo. Mito ya msimu inayoingia Athi, ambayo mchanga wake huhifadhi maji chini kwa chini miezi mingi baada ya mvua, huchimbwa mchanga wa ujenzi hadi mwamba ukabaki wazi na visima vya jirani vikakauka. Bwawa la Thwake, lililoanza kujengwa mwaka 2018 pale Mto Thwake unapokutana na Athi, litajaa matope mapema iwapo miteremko ya juu itaachwa bila matuta. Kwa hiyo jiji linalotupa taka, mchimbaji wa mchanga na mkulima wa mlimani wote wana wajibu kwa mto huu, nao wajibu huo haukomei kwenye mpaka wa kaunti.

Sehemu ya tatu itaufuata mto hadi Tsavo, unakobadili jina kuwa Galana, na hatimaye Sabaki, kaskazini mwa Malindi.