Petroli ikipanda: Nani anabaki na mzigo wa usafiri safi?

AGOSTI 2022, lita moja ya petroli ilipouzwa kwa Sh. 3,410 jijini Dar es Salaam na dizeli ikafikia Sh. 3,322, karakana zinazofunga mifumo ya gesi kwenye magari zilipata wateja ambao miaka ya nyuma zilikuwa zikiwatafuta kwa tochi. Madereva wa teksi, wenye bajaji na hata watumishi wa maofisini walianza kuulizia mitungi. Ruzuku ya Sh. bilioni 100 ambayo serikali ilianza kuitoa mwezi Juni mwaka huo ilipunguza makali, lakini haikuizuia bei kupanda.

Wateja hao hawakwenda karakana kwa ajili ya mazingira. Walikwenda kwa sababu hesabu ya tajiri ilikuwa haitimii jioni. Si jambo la kuwalaumu, kwani zipo nchi zilizobadili usafiri wao ukawa safi zaidi zikiwa zimebanwa na mafuta au na upungufu wa fedha za kigeni. Wasiwasi wa mwekezaji uko kwingine. Mtu aliyesukumwa na bei anaweza kurudi alikotoka bei ikishuka, na aliyeweka mtaji wake katika vituo, mitungi, betri au magari ya aina mpya akabaki na mali isiyo na mnunuzi.

Nchi iliyolipitia jambo hili mwanzo hadi mwisho ni Brazil, na mfanyabiashara wa Afrika Mashariki anayefikiria kuingia katika biashara hii angefaa kujua yaliyotokea huko kabla ya kutia saini mkopo.

Miwa badala ya petroli

Vita vya Mashariki ya Kati vya Oktoba 1973 viliipandisha bei ya pipa la mafuta ghafi kutoka kama dola 3 za Kimarekani hadi karibu dola 12 mwanzoni mwa 1974. Wakati huo Brazil iliagiza nje kiasi cha asilimia 80 ya mafuta yake. Wakulima wake wa miwa nao hawakukaa vizuri kwa muda mrefu: sukari iliyokuwa imevuka senti 60 kwa ratili katika soko la dunia mwezi Novemba 1974 ilianguka vibaya mwaka uliofuata. Serikali ya Jenerali Ernesto Geisel ikaona njia ya kutatua matatizo mawili kwa mpigo mmoja. Novemba 1975 ilitangaza mpango wa kitaifa wa alkoholi, ambao kwanza ulihusu kuchanganya alkoholi ya miwa ndani ya petroli ya kawaida.

Mafuta yalipopanda tena mwaka 1979, Brazil iliongeza mwendo. Iliwekeana mikataba na viwanda vya magari vitengeneze injini zinazotumia alkoholi tupu. Wenye viwanda vya sukari walipewa mikopo nafuu, na bei ya alkoholi kituoni ikapangwa iwe takriban theluthi mbili ya bei ya petroli. Kufikia katikati ya miaka ya 1980, zaidi ya magari madogo 90 katika kila 100 mapya yaliyouzwa nchini humo yalikuwa ya alkoholi. Ni vigumu kupata mfano mwingine wa nchi kubwa iliyogeuza magari yake haraka namna hiyo.

Kisha soko likageuka. Mwaka 1986 bei ya mafuta ghafi iliporomoka duniani, na faida ya alkoholi juu ya petroli ikaanza kuonekana kama hisani ya hazina ya serikali. Fedha za ruzuku zikapungua. Sukari nayo ilipanda karibu mara mbili kati ya 1987 na 1990, huku mfumuko wa bei ndani ya nchi ukipita asilimia 1,000 mwaka 1989 na bei aliyolipwa mzalishaji wa alkoholi ikiwa bado inapangwa na serikali. Mwenye kiwanda alikuwa na miwa ileile na milango miwili ya kuipitishia: sukari ya kuuza nje kwa dola, au alkoholi ya kuuza ndani kwa bei isiyofikia gharama. Msomaji yeyote aliyewahi kuwa na gunia la mahindi msimu wa njaa anajua mlango upi ulifunguliwa.

Mwishoni mwa 1989 alkoholi ilikosekana vituoni. Wenye magari walipanga foleni, na nchi iliyojisifu kwa kujitosheleza ikalazimika kuagiza methanoli kutoka nje ili kuziba pengo. Gari la alkoholi halikuweza kutiwa petroli likaenda, kwa hiyo mwenye nalo alikuwa na chuma kilichoegeshwa uani. Wanunuzi walikimbia. Mwaka 1990 mauzo ya magari hayo yalishuka hadi kama gari moja katika kila kumi mapya, na kufikia 1997 hata gari moja katika mia halikufika.

Katika mkasa huu, teknolojia haikushindwa. Injini zilikuwa zikifanya kazi na miwa ilikuwepo shambani. Kilichovunjika ni imani ya mnunuzi kwamba kesho atapata cha kutia ndani ya tangi, na imani hiyo haikurudi kwa miaka kumi na zaidi.

Ilirudi kwa njia ambayo wapangaji wa 1975 hawakuifikiria. Machi 2003 Volkswagen ilianza kuuza nchini Brazil gari la Gol linalokubali petroli, alkoholi, au mchanganyiko wowote wa hizo mbili katika tangi moja. Viwanda vingine vikafuata, na baada ya miaka michache magari ya namna hiyo yakawa zaidi ya 80 katika kila 100 mapya. Kwa kuwa lita ya alkoholi humpeleka mtu takriban asilimia 70 ya mwendo anaoupata kwa lita ya petroli, dereva wa Brazil anapofika kituoni hupiga hesabu: alkoholi ikizidi asilimia 70 ya bei ya petroli, anatia petroli. Mwenye kiwanda akiona sukari ina bei nzuri, anauza sukari, na hakuna anayelala barabarani. Tangu Agosti 2025 hata petroli ya kawaida nchini humo imechanganywa na alkoholi kwa asilimia 30.

Tukiongelea usafi, alkoholi iliisaidia Brazil kuondoa risasi katika petroli mapema kuliko nchi nyingi. Lakini maji machafu ya viwanda yaliharibu mito, na moshi wa mashamba yaliyochomwa kabla ya kuvuna uliwafuata wakata miwa na vijiji vyao kwa miongo kadhaa, hadi jimbo la São Paulo lilipopitisha sheria mwaka 2002 ya kuukomesha hatua kwa hatua. Moshi uliotolewa mjini ulikuwa umehamia shambani, na aliyeuvuta hakuwa na gari.

Hesabu ya gesi Dar es Salaam

Turudi nyumbani. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974 na ilianza kutumika kuzalisha umeme mwaka 2004. Magari yaliifuata baadaye. Katika kipindi tunachokizungumzia kilo moja ilikuwa ikiuzwa kama Sh. 1,550. Kwa nguvu iliyomo, kilo moja ya gesi inakaribia lita moja na nusu ya petroli.

Tuchukue teksi inayokula lita 15 za petroli kwa siku. Kwa bei ya Agosti 2022, ni Sh. 51,150. Kazi hiyohiyo kwa gesi inahitaji kilo 10, yaani Sh. 15,500. Tofauti ni Sh. 35,650 kila siku. Tuseme kufunga mfumo kumegharimu Sh. milioni 2: fedha hizo zinarudi katika siku 56 hivi za kazi. Sasa tuishushe petroli hadi Sh. 2,800. Tofauti inakuwa Sh. 26,500 na mtaji unarudi baada ya siku 76. Kwa hiyo kushuka kwa petroli, jambo ambalo wengi huliogopa, hakuiui biashara hii.

Kinachoiumiza ni foleni. Dereva akikuta kituo kimefurika, akatia petroli siku moja na gesi siku ya pili, faida yake inagawanyika nusu na siku 76 zinakuwa zaidi ya 150. Akisubiri saa tatu ili apate gesi, abiria wa asubuhi wamekwenda na mwingine, na hasara hiyo haiandikwi kwenye risiti yoyote. Kwa maoni yangu, anayetaka kujua mustakabali wa magari ya gesi ahesabu vituo vinavyofanya kazi na urefu wa foleni zake kabla hajaangalia bei ya pipa huko London.

Hata hivyo, mwenye gari la gesi Dar es Salaam ana kinga ambayo Mbrazili wa 1989 hakuwa nayo. Tangi lake la petroli bado lipo, na gesi ikikosekana anabonyeza swichi. Ndiyo sababu nadhani mkopo wa kufunga mfumo wa gesi ni salama kuliko unavyoonekana kwa mkopeshaji: dhamana inaendelea kutembea hata kituo kikifungwa.

Hatari ya pili ni kodi. Bajeti ya 2024/25 iliposomwa bungeni ilikuja na pendekezo la tozo ya Sh. 382 kwa kila kilo ya gesi ya magari, kwa hoja kwamba magari hayo nayo yanaharibu barabara. Pendekezo hilo lilionyesha kitu ambacho kila mwenye mtaji angepaswa kukiandika katika daftari lake: mafuta ya magari ni kisima cha mapato ya serikali, na watu wakihama kutoka kisima hicho, mkusanya kodi huwafuata. Katika mfano wetu, kilo 10 zingeongezeka Sh. 3,820 kwa siku. Faida ingebaki, ila aliyepiga hesabu zake bila kuacha nafasi kwa ajili ya kodi angeumia.

Wasomaji wasisahau pia kwamba gesi hii, ingawa inawaka bila masizi ya dizeli na hutoa hewa ya ukaa pungufu kuliko petroli, ni mafuta ya ardhini vilevile, na inapovuja bila kuungua inaongeza joto la dunia kuliko hewa ya ukaa yenyewe. Ni hatua moja mbele tu.

Ethiopia yachukua njia ngumu

Ethiopia imechagua kinyume. Desemba 2023 ilishindwa kulipa riba ya dola milioni 33 za hati yake ya deni la nje. Mwezi uliofuata, Waziri wa Uchukuzi, Alemu Sime, alitangaza kwamba magari yasiyo ya umeme hayataruhusiwa tena kuingizwa nchini. Sababu iliyotolewa haikuzunguka: dola za kununulia mafuta hazipo. Ushuru ulipangwa kumvuta mfanyabiashara kwenye uunganishaji, yaani asilimia 15 kwa gari la umeme lililokamilika, asilimia 5 kwa lililounganishwa nusu, na bila ushuru kwa linaloletwa vipandevipande.

Tukiipima kwa kipimo cha Brazil, mnunuzi wa Addis Ababa amefungwa. Gari lake halina tangi la akiba. Umeme ukikatika mtaani, au chaja ikiwa mbali, yuko pale alipokuwa mwenye gari la alkoholi. Lakini chakula cha gari hilo hakina soko la nje lenye nguvu kama la sukari. Karibu umeme wote wa Ethiopia unatokana na maji, na bwawa kuu la Mto Abay, lililozinduliwa Septemba 2025, lina uwezo wa megawati 5,150. Nchi hiyo inauza umeme kwa majirani, ikiwemo Kenya, lakini nyaya za kuupeleka huko zina kikomo, wakati gunia la sukari hupanda meli yoyote. Hofu yangu huko iko kwenye nguzo na transfoma za mitaani, na kwenye vipuri. Birr iliachiwa ielee Julai 2024, ikatoka kama 57 kwa dola hadi kupita 100 kwa wiki chache, na betri hununuliwa kwa dola.

Jambo hilo la betri linawahusu pia wanaonunua bodaboda za umeme Nairobi, ambako umeme mwingi unatoka kwenye mvuke wa ardhini, maji na upepo. Utaratibu uliozoeleka ni kwamba dereva ananunua pikipiki bila betri, na betri ni mali ya kampuni: ikiisha anaipeleka kituoni, anapewa iliyojaa na kulipia. Bei ya kuanzia inakuwa nafuu, na kwa siku za kawaida anaokoa fedha. Lakini mara nyingi betri ya kampuni moja haiingii kwenye pikipiki ya nyingine. Kampuni ikifunga vituo au ikipandisha bei, dereva hana swichi ya kubonyeza.

Kwa hiyo anayekopesha bodaboda za namna hiyo kwa marejesho ya miezi 18 au 24 aombe kuuona mkataba wa betri, si wa pikipiki peke yake. Atazame bei ya kubadilisha imefungwa kwa muda gani, na nani atawajibika kampuni ikiondoka sokoni mwezi wa tisa. Mkataba usiposema lolote kuhusu hilo, riba ya mkopo ipangwe kwa kuzingatia kwamba pikipiki hiyo ikirudishwa kwa mkopeshaji, huenda hakuna atakayeinunua.