Maji ya kisima si ya rejeta

Wenye Datsun 240Z, gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1971 na 1973, wanajua: bloku ya injini ni chuma, lakini silinda hedi ni alumini. Ikichemka mara moja tu, hedi huweza kupinda na gasketi kuungua.

Huku kwetu Pwani, adui ni maji ya kisima. Chumvi hula alumini na kuziba rejeta. Tia kulanti, nusu kwa nusu na maji safi yasiyo na chumvi, ubadilishe kila miaka 2. Kagua mipira, mkanda wa feni na pampu. Kifuniko usikifungue injini ingali moto.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na hedi ya gari la zamani haipatikani kila duka.