Ruhusa, Idhini na Ridhaa: Maneno Matatu Mlangoni mwa Simu

Miongoni mwa maneno ambayo simu za kisasa zimeyapa kazi mpya katika Kiswahili, ni machache yanayoonekana na watu wengi kila siku kama neno ruhusa. Mtu apakuapo programu tumishi huulizwa kama anairuhusu isome majina yaliyomo simuni, ijue mahali alipo, au itumie kamera na maikrofoni. Hubonyeza, akaendelea na shughuli zake. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba neno hilo, ingawa lafaa kwa tendo lenyewe la kubonyeza, limebebeshwa mzigo usio wake, na kwamba anayeumia ni mwenye simu, hasa pale programu inapotolewa kuwa njia ya kupatia zawadi.

Tuchukue mfano wa Marekani wa mwaka 2013. Kampuni ya Samsung ilinunua nakala 1,000,000 za albamu ya Jay-Z iitwayo Magna Carta Holy Grail, ili wenye simu zake waipate bila malipo tarehe 4 Julai, siku chache kabla haijauzwa madukani. Njia ya kuipata ilikuwa programu maalumu. Programu hiyo ilitaka kujua mahali simu ilipo, kuona akaunti zilizomo ndani yake, na kusoma hali na utambulisho wa simu. Zaidi ya hayo, ilimtaka mtu aingie kwa akaunti yake ya Facebook au Twitter, na aliyetaka kusoma maneno ya nyimbo alipaswa kwanza kuwatangazia wenzake habari za albamu hiyo. Mwanamuziki Killer Mike aliionyesha hadharani orodha ya ruhusa zilizotakiwa, akadokeza kwamba yeye hana haja nayo. Mwezi huo huo shirika la EPIC, linalotetea faragha, lilipeleka malalamiko mbele ya Tume ya Biashara ya Shirikisho. Msomaji atauliza, na ni haki yake: kusikiliza muziki kunahitajije kujua akaunti za mtu?

Sasa tuyatazame maneno. Ruhusa huombwa na mtu kwa mwenye mamlaka juu ya jambo fulani: mwanafunzi kwa mwalimu, mfanyakazi kwa mkuu wake, mgeni kwa mwenye nyumba. Aghalabu ina mpaka. Aliyepewa ruhusa ya siku tatu hurudi siku ya nne. Aliyeruhusiwa kuingia sebuleni hakuruhusiwa kufungua makabati. Idhini ni nzito zaidi, nayo hutamkwa kwa kusudi. Katika ndoa za Kiislamu za pwani bibi arusi huombwa idhini yake, wala hapana anayedhani kwamba kule ni kuombwa ruhusa ya kupita njia. Katika ofisi idhini hutolewa na mwenye madaraka, na ikiandikwa hati, hati hiyo huitwa kibali. Ridhaa ni jambo la moyoni: mtu ameelewa, amepima, ameridhia. Ruhusa yaweza kutolewa kwa kununa; ridhaa haiwezi.

Tofauti hii si ya wanaisimu peke yao. Kabla ya mfumo wa Android 6.0, uliotoka mwaka 2015, mwenye simu ya Android alionyeshwa orodha nzima wakati wa kupakua, naye hakuwa na hiari ila kuikubali yote au kuiacha programu. Tangu hapo programu zilizoundwa kwa mfumo huo huomba ruhusa nyeti mojamoja wakati wa kuzitumia. Hayo ni maendeleo ya kweli, lakini ni maendeleo ya ruhusa. Mtu aliyeambiwa kwamba asipobonyeza hapati zawadi amebonyeza kweli. Kama ameridhia ni swali jingine.

Tena kuna mambo yatendekayo bila hata ruhusa. Mwezi Desemba 2013 Tume hiyo hiyo ya Marekani ilitangaza mapatano na waundaji wa programu ya tochi iliyokuwa ikitolewa bure. Ilidaiwa kwamba programu ilipeleka habari za mahali simu ilipo kwa mitandao ya matangazo, na kwamba ilianza kuzipeleka hata kabla mwenye simu hajachagua kukubali au kukataa. Tochi!

Kwa hiyo twapendekeza ruhusa ibaki kwa tendo la simu kuifungulia programu mlango, na ridhaa itumiwe kwa makubaliano ya mtu kuhusu matumizi ya taarifa zake. Idhini na kibali yaachiwe mamlaka. Kwetu Tanzania jambo hili lina uzito wa kisheria, kwani Katiba, katika ibara ya 16, inaitambua haki ya faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022. Wanaofasiri masharti ya programu wasiyachanganye maneno haya kana kwamba ni ndugu pacha.

Neno zawadi nalo linahitaji uangalifu. Hiba, kwa wanaoijua sheria ya Kiislamu, ni kitu kitolewacho pasipo kutaka badala. Kitolewacho ili kupata majina na nyendo za mtu si hiba. Labda chambo, ingawa tunakiri kwamba hakuna mfanyabiashara atakayekubali kuliandika neno hilo juu ya tangazo lake. Zawadi ya masharti yatosha, mradi masharti yenyewe yaandikwe mahali pa kusomeka.

Limebaki neno moja linalotusumbua. Simu zenye Kiswahili husema programu inataka "kufikia anwani zako". Mzee mmoja tuliyemwonyesha maneno hayo alidhani anaulizwa sanduku lake la posta. Tena kufikia ni kufika tu. Hakusemi kwamba kinachofikiwa chaweza kunakiliwa na kupelekwa kwingine. Lingesemwa wazi, "kusoma na kunakili majina na namba za watu uliowahifadhi", mwenye simu angetambua pia kwamba namba hizo ni za shangazi yake, za daktari wake, na za jirani, nao hawakuulizwa kitu.