Mama kwanza, mtoto baadaye

Mtoto wa miaka mitatu analetwa darasani ajifunze fidla. Mwalimu anampokea vizuri, kisha fidla anampa mama yake. Mtoto hapewi kitu.

Hivyo ndivyo Shinichi Suzuki alivyofundisha katika mji wa Matsumoto, Japani, alikoanza kazi mwaka 1946, nchi ikiwa bado inauguza majeraha ya vita. Wapenzi wa muziki wanaijua njia yake: mtoto ajifunze ala kama anavyojifunza kusema, kwa kusikia na kurudia, kusoma noti kuje baadaye. Hatua hii ya kwanza, ya kumfundisha asiye mwanafunzi, haizungumziwi sana. Nayo ndiyo inayokataa kutoka akilini.

Mama hufundishwa wimbo mmoja mpaka aumudu. Nyumbani, santuri ya wimbo huohuo hupigwa kila siku, mtoto akiwa katika michezo yake, akila, akisinzia. Fidla anayoshika mama si ya kimo chake. Ni ndogo, ya kitoto, na mtoto anaiona. Darasani anawatazama wenzake wakipiga na kufurahi. Hakuna anayemhimiza. Siku moja uvumilivu unamwishia, anamnyang'anya mama fidla: na mimi nataka! Mama anamuuliza kama kweli anataka, kama atafanya mazoezi. Akikubali, ndipo wanakwenda kumwomba mwalimu.

Suzuki hakuficha kwamba hamu hiyo huandaliwa na watu wazima. Yeye mwenyewe alizaliwa mwaka 1898, mtoto wa mwenye kiwanda cha fidla huko Nagoya, akakua katikati ya fidla bila kujali kuzipiga. Kilichomwamsha, akiwa na miaka kama 17, ni santuri ya mpiga fidla Mischa Elman. Alisikia kwanza, akatamani, ndipo akaanza kujifundisha.

Na mtoto asiye na mama?

Koji Toyoda alikuwa mwanafunzi mdogo wa Suzuki kabla vita havijawatenganisha. Suzuki alimtafuta kwa matangazo ya redio, akampata akiwa yatima wa miaka 11, analelewa na mjomba mwenye kilabu cha pombe. Akamchukua. Tabia za kijana ziliwakera watu wa nyumbani, wakataka kumkanya. Suzuki akakataa: kila mtu mzima humo ndani na ajirekebishe yeye kwanza, kijana ataona. Miaka baadaye, Toyoda aliongoza safu ya fidla katika okestra ya redio ya Berlin.

Pengine hapo ndipo ulipo ubora wa mwalimu huyu. Kabla ya kuugusa mkono wa mtoto, aliwashughulikia waliomzunguka, kazi ngumu ambayo walimu wengi huikwepa kwa sababu mzazi hapendi kufundishwa.

Lakini hamu iliyopangwa hivyo ni ya mtoto kweli, au ni ya mama aliyoivaa mtoto? Na mama anayetoka alfajiri kwenda kibaruani akarudi usiku, afanyeje? Huko Korogocho, Nairobi, katika mradi wa muziki wa Ghetto Classics, wanafunzi waliotangulia huwafundisha wadogo zao. Je, kaka au dada wa mtaani anatosha kuwa yule wa kwanza kushika fidla, mpaka mdogo wake amnyang'anye?