Vifaranga na Baridi ya Kipupwe

Natumaini masika yamekwisha salama kwako, na mpunga uko njiani kuingia ghalani.

Leo napenda tuzungumze juu ya kuku wa nyumbani katika miezi ya Juni, Julai na Agosti, yaani majira ya kipupwe. Najua wapo watakaocheka: "Baridi gani hiyo ya pwani?" Ni kweli, ndugu zetu wa Makete, kule juu Kitulo, huamka wakakuta sakitu kwenye majani, na bado wanafuga kuku. Hapa kwetu Mapinga usiku wa Julai joto hushuka mpaka nyuzi 18 au 19 hivi. Kwa kuku mkubwa hilo si jambo. Mwili wake una joto la nyuzi 41, na manyoya yake ni blanketi tosha.

Lakini hebu mtazame kifaranga. Huyu hana manyoya ya kweli. Anayo yale malaini tu. Katika wiki yake ya kwanza anahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35. Sasa toa hesabu mwenyewe: baina ya joto analolitaka na joto la usiku wetu kuna pengo la nyuzi 13 na zaidi. Pengo hilo ndilo linalomuua.

Nitakusimulia kisa. Mwaka mmoja, mwezi wa Juni, nilimtembelea mama mmoja hapa Mapinga. Kuku wake alikuwa ameangua vifaranga kumi na mmoja, na mama alikwisha kuwapangia kazi: wakikua wauzwe, mtoto apate sare ya shule. Nikamwambia, "Mama, zuia baridi." Basi! Niliporudi baada ya wiki nikakuta wamebaki sita. Mama akaniuliza, "Bwana mifugo, si wewe uliyeniambia nizuie baridi? Nimezuia." Naam, alikuwa amezuia. Alizungusha mifuko ya nailoni banda zima, juu mpaka chini. Nilipoingiza mkono ndani, kuta zilikuwa zinatoa jasho na maranda ya chini yamelowa. Kosa lilikuwa langu. Nilimpa nusu ya maneno.

Nusu ya pili ni hii: kinachoua zaidi pwani ni unyevu ukichanganyika na upepo. Kuku hupumua usiku kucha, na pumzi ina maji. Kinyesi nacho kina maji. Ukiziba kila tundu, maji hayo hayana pa kutokea, yanashuka sakafuni. Kifaranga akilowa tumbo, joto lake huondoka upesi. Tena kinyesi kikilowa hutoa harufu kali inayochoma macho na kifua, na ugonjwa wa kuhara damu hustawi mahali hapo.

Kwa hiyo, ndugu mkulima, shika neno hili: zuia upepo chini, acha hewa ipite juu, na sakafu iwe kavu.

Utafanyaje? Majira haya upepo wa kusi ndio unaovuma. Basi ukuta wa upande wa kusi na wa baharini uzibe vizuri kwa udongo, mbao au makuti yaliyosukwa, mlango uelekee kaskazini. Chini ya paa acha uwazi wa shubiri moja au mbili, uweke wavu wa kuzuia vicheche. Sakafu iinuliwe kuliko uwanja, kisha utandaze maranda au maganda ya mpunga, unene wa sentimita 5 hadi 10. Mahali palipolowa paondolewe siku hiyo hiyo, usingoje Jumamosi.

Kuku mwenye vifaranga mpe tenga au pembe yake mwenyewe, mbali na mlango. Kama ni mdogo wa mwili, majira haya mwatamishe mayai kumi, yasizidi, ili vifaranga wote waenee chini ya mbawa zake. Na kwa kuwa mayai huchukua siku 21, ukiatamisha mwanzoni mwa Agosti, vifaranga watatoka baridi inapoelekea kwisha.

Je, kama vifaranga hawana mama? Wazungushie boksi gumu au mkeka, uwawekee chungu cha makaa yaliyokwisha kushika, kilichofunikwa wasiungue. Angalia sana: moshi wa mkaa unaua kimya kimya, kuku na watu pia. Makaa yawashwe nje, na ule uwazi wa juu usizibwe kamwe. Vifaranga wenyewe watakuambia hali ya joto. Wakirundikana na kulia, wanaona baridi. Wakikimbilia pembeni na kutweta, joto limezidi. Wakijikusanya upande mmoja tu, tafuta tundu la upepo upande wa pili. Joto lipunguzwe kidogo kidogo kila wiki, mpaka manyoya yatakapoota.

Jambo la mwisho ni mdondo, ambao wengine huuita kideri. Kuku huhara kijani, hupinda shingo na kufa banda zima, nasi husema upepo umeuleta. La hasha! Huletwa na kuku mgonjwa, kinyesi, viatu vyetu, na kuku wa bei rahisi tunayemnunua mnadani. Baridi humdhoofisha kuku tu, ugonjwa ukamkuta hana nguvu. Mdondo hauna dawa, una chanjo. Ipo chanjo ya matone inayostahimili joto, na hutengenezwa hapa hapa mkoani Pwani, Kibaha. Tone moja jichoni kwa kila kuku mzima wa afya, kila baada ya miezi mitatu. Chanja mwezi wa Mei, kabla kipupwe hakijaingia, maana mwili unahitaji wiki mbili au tatu kujenga kinga. Chupa moja hutosha kuku wengi, kwa hiyo shirikianeni majirani, mwone bwana mifugo wa kata yenu.

Haya, kesho alfajiri fanya jaribio moja. Kabla hujafungua banda, chuchumaa, ingiza uso pale wanapolala vifaranga. Ukisikia upepo shavuni, ziba chini. Macho yakiwasha, fungua juu. Yule mama wa Mapinga alifanya hivyo, na wale sita waliobaki walikua wote.

Nakutakia kazi njema. Kwaheri mpaka wiki ijayo.